Dawa Inachoka Njiani

(Mazungumzo ya mwanafunzi wa zamani, sasa ofisa wa maji serikalini, aliyoyatoa katika bwalo la shule siku ya mkutano wetu wa mwaka, mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa.)



Katibu wa Chama aliponipigia simu alinieleza kwamba wenzangu waliosimama hapa miaka iliyopita walizungumzia uongozi, maadili na siri za kufanikiwa. Mimi akaniomba nizungumzie kazi yangu. Nikamwambia kazi yangu ni kupima maji, na sidhani kama kuna mtu ana hamu ya kusikia habari hizo baada ya pilau. Akanijibu, "Basi zungumza kwa kifupi." Nitajitahidi.

Vijana, mwaka 2000 nilikuwa Kidato cha Tano katika chumba kile kinachotazama shamba la migomba. Mwalimu wetu wa kemia, ambaye sasa ni marehemu, alitufundisha sura ya kasi ya mimenyuko, yaani jinsi vitu vinavyopungua kadiri vinavyomenyuka, na jinsi ya kukadiria kitabaki kiasi gani baada ya muda fulani. Alifundisha kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi, na sisi tulikariri kwa Kiingereza. Swali la sura hiyo lilipokuja katika mtihani wa muhula nilipata alama zote. Karatasi ile niliitunza miaka mingi. Leo nataka niwaeleze jinsi alama zile zilivyokuja kunishtaki miaka 6 baadaye, na nitawaeleza kwa Kiswahili, maana kwa lugha hii ndiyo nililielewa somo.

Kosa langu

Mwaka 2006, nikiwa na shahada mpya mkononi, nilipangiwa kazi katika mradi wa maji wa mji mdogo. Mji huo sitautaja, wala ofisi sitaitaja, kwa kuwa kosa nitakalolieleza ni langu mwenyewe.

Kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kupima klorini katika maji yanayotoka tangi kuu. Kipimo chenyewe ni rahisi, hata mtoto wa Kidato cha Kwanza anakiweza. Unachukua maji kidogo katika kichupa, unatumbukiza kidonge, unatikisa, na maji yanageuka rangi ya waridi. Rangi ikiwa imekolea, klorini ni nyingi. Ikiwa imefifia, ni kidogo. Unalinganisha na rangi zilizochapwa pembeni, unasoma namba. Kila asubuhi nilisoma miligramu 1 kwa lita. Kila asubuhi niliandika kwenye fomu "Inaridhisha", nikatia sahihi, nikaenda kunywa chai.

Mwaka huo huo bomba lilikuwa limeongezwa hadi mtaa mpya ng'ambo ya bonde. Nyumba zilikuwa chache, lakini bomba liliwekwa pana kwa kutazamia watu watakaokuja. Bomba pana na watumiaji wachache maana yake maji yanatambaa. Maji yaliyotoka kwangu asubuhi yaliwafikia watu wa mtaa ule kesho yake asubuhi.

Mvua za masika zilipokolea, watu wa mtaa ule wakaanza kuharisha. Zahanati ikajaa. Wengi walipona. Mtoto mmoja wa darasa la pili hakurudi nyumbani. Hakuna daktari aliyeniambia kwamba chanzo ni maji yangu; kulikuwa na visima vya wazi na vyoo vilivyofurika. Wala hakuna mkubwa aliyeniita kunihoji, kwa sababu fomu zangu zote zilikuwa zimejazwa vizuri.

Aliyekuja kunihoji alikuwa fundi bomba, mtu mzima aliyeishia darasa la saba. Alinikuta ofisini jioni akaniuliza, "Bwana Mkemia, wewe huwa unapimia wapi?" Nikamwambia, tangini. Akasema, "Twende mwisho wa bomba." Akanipakia kwenye pikipiki yake tukavuka bonde. Tukafungua bomba la mwisho kabisa. Nikakinga maji, nikatia kidonge, nikatikisa, nikasubiri. Maji yakabaki kama yalivyokuwa. Nikatia kidonge cha pili, nikidhani cha kwanza kimeharibika. Hapakuwa hata na dalili ya waridi.

Mzee yule hakucheka wala hakunilaumu. Alisema maneno matatu tu: "Dawa inachoka njiani."

Ndugu zangu, maneno hayo matatu ni sura nzima ya kitabu cha kemia. Mimi nilikuwa nimeifaulu sura hiyo kwa alama zote, na sikuwa nimeielewa.

Inachoka kwa utaratibu gani?

Sasa naomba wale vijana 64 waliopewa sarafu mlangoni wasimame. Sarafu hizo ni za Chama, nanyi mtamrudishia Mweka Hazina, ambaye naona ameshaanza kuhesabu.

(Hapo vijana 64 walisimama. Kila raundi kila mmoja alirusha sarafu yake mara moja. Aliyepata upande wa kichwa aliketi; aliyepata upande wa mnyama alibaki amesimama. Idadi ya waliosimama iliandikwa ubaoni tangu mwanzo hadi raundi ya sita: 64, 33, 17, 8, 5, 2, 1. – Mhariri)

Ahsanteni. Tazameni ubao. Raundi ya kwanza waliketi vijana 31. Raundi ya pili waliketi 16, na ya tatu 9. Je, vijana wa raundi ya tatu walikuwa wagumu kuliko wa kwanza? Hapana. Sarafu ni zile zile na bahati ni ile ile. Walioketi walikuwa wachache kwa sababu waliosimama walikuwa wachache. Kasi ya kuketi ilifuata idadi ya waliobaki.

Hiyo ndiyo sheria. Katika mmenyuko wa aina hii kasi haifuati kiasi ulichoanza nacho, wala kiasi unachotamani kiwepo. Inafuata kiasi kilichobaki. Kikiwa kingi kinakwenda mbio. Kikipungua kinapunguza mwendo. Kiasi cha kitu katika kila lita ya maji wataalamu wetu wa Kiswahili wanakiita ukolezi, nalo ni neno zuri, maana kila mtu aliyewahi kunywa chai anajua iliyokolea na isiyokolea. Mmenyuko ambao kasi yake inalingana moja kwa moja na ukolezi uliobaki unaitwa mmenyuko wa daraja la kwanza. Alama yake kubwa ni kwamba muda wa kupoteza nusu haubadiliki. Kutoka 64 kwenda 33 ilikuwa raundi moja, na kutoka 17 kwenda 8 ilikuwa raundi moja pia.

Oneni na jambo la pili. Hakuna kijana hata mmoja aliyejua kabla ya kurusha kwamba ataketi raundi gani. Yule wa mwisho anayejisifu sasa hivi hakuwa na ujuzi wowote kuwashinda wenzake. Hata hivyo mimi niliyesimama hapa niliweza kukisia hesabu ya bwalo zima bila kumjua mmoja wenu kwa jina. Molekuli moja haijui saa yake, lakini katika tone moja la maji mna molekuli nyingi kupita watu wote waliowahi kuishi duniani, na wingi huo unakwenda kwa utaratibu usioyumba.

Mtu aliyeiandika sheria hii kwa hesabu ni Mjerumani aliyeitwa Ludwig Wilhelmy, mwaka 1850. Alichukua sukari ya miwa, akaiyeyusha katika maji, akatia asidi. Asidi huipasua sukari ya miwa ikawa sukari mbili nyingine. Wilhelmy alijua kwamba mwanga uliochujwa kwa namna maalumu, ukipita katika maji ya sukari ya miwa, huzungushwa upande wa kulia. Ukipita katika mchanganyiko wa zile sukari mbili, huzungushwa upande wa kushoto. Kwa hiyo aliweza kuufuatilia mmenyuko bila kuugusa, kama mpishi anayesikiliza sufuria bila kufunua mfuniko. Akakuta kwamba kila dakika sukari inapasuka kwa kasi inayolingana na sukari iliyobaki. Mwaka 1864 mashemeji wawili wa Norway, Guldberg na Waage, walionyesha kwa upana zaidi kwamba nguvu ya mmenyuko inategemea ukolezi wa vitu vinavyokutana. Mwaka 1884 Mholanzi van 't Hoff akatoa kitabu kilichoipanga mimenyuko kwa madaraja. Huyo ndiye aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ilipotolewa kwa mara ya kwanza, mwaka 1901.

Daftari langu

Narudi kwenye bomba. Usiku ule sikulala. Asubuhi nilijaza maji ya tangini katika chupa ya kahawia, nikaiziba, nikaiweka kivulini, nikapima kila baada ya saa 3. Namba zilikuwa hizi: mwanzo 1.00, baada ya saa 3, 0.71, saa 6, 0.50, saa 9, 0.35, saa 12, 0.25.

Vijana wa Kidato cha Tano na cha Sita, zichoreni namba hizo leo jioni. Mkizichora zilivyo mtapata mstari unaopinda kama mteremko wa kilima unaolala kuelekea bondeni. Mkichora logi zake dhidi ya muda, mstari utanyooka. Kunyooka huko ndiko kunakoonyesha daraja la kwanza, na mteremko wa mstari ndio unaowapa kigezo cha kasi. Gawanyeni 0.693 kwa muda wa nusu, ambao hapa ni saa 6. Mtapata karibu 0.116 kwa saa. Namba hiyo moja ilikuwa na habari yote niliyoihitaji.

Ilinieleza kwamba baada ya saa 24, yaani nusu ya nusu ya nusu ya nusu, ile miligramu 1 ingebaki kiasi cha 0.06. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba maji yanapomfikia mtumiaji yawe na angalau miligramu 0.2 ya klorini kwa lita. Na hapo bado sijahesabu uchafu na kutu za ndani ya bomba, ambazo nazo hula klorini. Ndiyo maana kidonge hakikuonyesha kitu.

Wazo langu la kwanza lilikuwa la mtu mwenye haraka: tuongeze dawa mara mbili. Hesabu ikanikatalia. Ukianza na miligramu 2, baada ya saa 6 una 1, na safari inaanza upya pale pale. Kuongeza mara mbili kunakununulia muda wa nusu mmoja tu, yaani saa 6. Mwisho wa safari ungebaki na kiasi cha 0.125, ambacho bado ni pungufu. Ili mtu wa mwisho apate 0.2, ilipasa tangi litoe miligramu 3.2. Kiasi hicho hakimdhuru mnywaji, maana kikomo kinachoshauriwa ni 5, lakini harufu yake ingewafanya akina mama wa karibu na tangi wayakatae maji yetu na kurudi visimani. Tungemfukuza mama wa karibu ili tumfikie mama wa mbali.

Dawa ya kweli ilikuwa kugawa safari. Juu ya kilima, katikati ya njia, palikuwa na tangi dogo. Maji yalilifikia yakiwa na 0.25. Tukawa tunaongeza hapo 0.75 ili yarudi kwenye 1, na yakafika mtaa wa mwisho yakiwa na kiasi cha 0.25. Jumla tulitumia miligramu 1.75 kwa lita badala ya 3.2. Kisha tukafungua ncha za mabomba kusukuma uchafu nje, tukasafisha na matangi. Baada ya hapo muda wa nusu ukarefuka wenyewe, kwa sababu klorini ilikuwa na vitu vichache vya kuila.

Sharti niwe mkweli kwa vijana. Maji halisi si mtiifu kama kitabu. Dakika za mwanzo klorini huanguka ghafla, ikikutana na vitu vinavyoitaka kwa nguvu, ndipo inapotulia na kufuata mstari. Tena ile saa 6 ilikuwa ya maji yale, mwezi ule. Maji ya mto baada ya mvua yana muda wake, na ya kisima kirefu yana wake. Sheria hukupa sura ya mstari. Namba sharti uitafute mwenyewe kwa kichupa na saa.

Mashindano mawili

Labda mtu atauliza kwa nini tuisumbukie klorini iliyobaki, ikiwa kazi ya kuua vijidudu ilishafanyika tangini. Mwaka 1908, katika Taasisi ya Lister mjini London, mwanamke mtafiti aitwaye Harriet Chick alionyesha kwamba vijidudu vikitiwa dawa havifi vyote kwa mpigo. Vinakufa kama mlivyoketi ninyi: kila muda fulani hufa sehemu ile ile ya vilivyobaki. Kwa hiyo dawa inahitaji muda, na muda unahitaji dawa. Ndiyo maana ushauri unasema klorini iwe angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya kukaa na maji nusu saa, na maji yasiwe ya magadi kupita kiasi.

Hivyo ndani ya bomba kuna mashindano mawili kwa wakati mmoja: vijidudu vinapungua, na dawa nayo inapungua. Bomba likipasuka njiani au tope likiingia, vijidudu vipya huingia. Kama dawa imeshachoka, hakuna wa kuvipokea. Mwaka 2015 kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam mwezi Agosti na kuenea mikoani, nilikuwa nimeshajifunza. Hatukuishia kupima kwenye magari ya maji. Tulipima kwenye ndoo, ndani ya nyumba za watu, kwa kuwa ndoo iliyokaa tangu jana ni mwendelezo wa bomba.

Na joto? Mwaka 1889 Arrhenius, Mswidi, alieleza jinsi joto linavyoongeza kasi ya mimenyuko. Kwa mimenyuko mingi, nyuzi 10 zaidi za Selsiasi huifanya kasi kuwa karibu maradufu. Mkumbuke jambo hilo mnapoona tangi jeusi la plastiki limewekwa juani juu ya paa la bati. Dawa iliyomo ndani inakimbia kuliko mnavyodhani.

Kitabu cha stoo

Niwape kisa kimoja cha wakubwa wenzangu wenye ofisi. Katika kituo kimoja nilichokikagua palikuwa na madumu ya dawa ya maji, ile ya maji maji. Kitabu cha stoo kilionyesha lita 200 zimeingia na lita 200 zipo. Mkaguzi wa hesabu aliridhika. Madumu yalikuwa yamefungwa, hayakuvuja hata tone. Nilipoipima nguvu yake, zaidi ya nusu ilikuwa imekwenda.

Dawa hiyo haifuati sheria ya sarafu. Inaharibika kwa kugongana yenyewe kwa yenyewe, hivyo kasi yake inafuata ukolezi mara ukolezi. Huo ni mmenyuko wa daraja la pili. Ukipunguza ukolezi ukawa nusu, kasi inakuwa robo. Kwa sababu hiyo dawa kali huharibika upesi kuliko iliyozimuliwa, na kila inapopungua nguvu, muda wa kupoteza nusu inayofuata unarefuka. Anayenunua dawa kali kwa wingi akidhani anaweka akiba, ananunua kitu kinachokimbia haraka zaidi. Ile ya unga, ikiwa kavu na imefungwa vizuri, huvumilia zaidi. Ya maji maji iwekwe kivulini, iandikwe tarehe, inunuliwe kidogo kidogo.

Kitabu cha stoo kinahesabu lita. Nguvu iliyo ndani ya lita hakina safu ya kuiandikia. Nawaachia ninyi mlio maofisini mtafakari ni vitu vingapi tunavyovihesabu kwa namna hiyo.

Maji ya shule yetu

Ndugu Mwenyekiti, nimefika mahali ambapo sikuwa nimepanga kufika. Niliwasili hapa juzi jioni nikiwa na kichupa changu mfukoni, kama mtu mwingine anavyotembea na kalamu. Kwa mazoea nikapima. Tangini nilipata 0.6. Bomba la jikoni, 0.4. Bomba la bweni la mwisho, lile la upande wa uwanja wa mpira, lilikuwa chini ya 0.1. Jana asubuhi nilirudia, nikiwa na kijana mmoja wa Kidato cha Pili aliyenikuta pale akifua. Tukapata yale yale.

Nilikwenda kwa Ndugu Mkuu wa Shule kabla ya kusema neno kwa mtu mwingine, naye ameniruhusu niseme mbele yenu. Kwa hilo namshukuru na kumheshimu. Hakuna sababu ya kutaharuki. Leo mabweni ya upande ule yatakunywa maji yaliyochemshwa, na wiki hii bomba lile litafunguliwa kusukuma uchafu. Hakuna aliyefanya uzembe. Kila asubuhi dawa inatiwa tangini kama ilivyoagizwa, na daftari limejazwa. Nililisoma, nikaona limejazwa vizuri, kama zilivyojazwa zile fomu zangu za mwaka 2006.

Ndugu zangu wa zamani, tumechanga fedha za kujenga lango jipya, na nimeona mchoro wake. Ni lango la kupendeza, na majina yetu yatachongwa juu yake. Silipingi. Naomba tu kwamba kabla hatujaanza na nguzo, tutoe sehemu ndogo ya fedha hizo kwa mambo matatu: bomba jembamba badala ya lile pana la kwenda bweni la mwisho, ili maji yasilale njiani, kivuli juu ya tangi, na vipima klorini viwili pamoja na vidonge vya mwaka mzima, vikabidhiwe kwa wanafunzi wa kemia. Wao wapime kila siku mahali pawili, tangini na mwisho wa bomba. Wakifanya hivyo mwaka mmoja, hakuna mtahini atakayewatisha kwa swali la kasi ya mimenyuko, na ndugu zao wa bweni la mwisho watakunywa maji salama.

Nasema tulifanye leo, kabla hatujaondoka. Mnajijua jinsi mlivyo. Jioni ya mkutano kama huu ahadi zetu huwa 64. Mwezi unaofuata zimebaki 33. Mweka Hazina anaweza kuwachorea mstari uliobaki.

Vijana, kila kitu mnachotiwa hapa kina safari yake. Mimi nilitiwa sura nzima ya kemia katika chumba kile, nami nikaifikisha hadi karatasi ya mtihani, ikaishia hapo. Aliyeifikisha mwisho wa bomba ni mzee aliyeishia darasa la saba, kwa sababu yeye alikuwa na tabia ya kwenda mwisho wa bomba kutazama. Alistaafu muda mrefu uliopita. Nikimpigia simu bado ananiita Bwana Mkemia, na bado ananiuliza ninapimia wapi.

Nimeleta kipima kimoja na daftari moja la kaunta. Ukurasa wa kwanza yule kijana wa Kidato cha Pili ameshaupigia mistari na kuandika namba za jana. Jioni hii, saa 12, atakuwa kwenye bomba la bweni la mwisho. Anayetaka kumsaidia kushika kichupa anakaribishwa, hata akiwa amevaa suti.